Mistari Miwili ya Orodha: Risala ya Wahitimu wa Darasa la Saba, Kwemsufi

Mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, pamoja na wadogo zetu wa madarasa ya chini mliokaa juani: shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi wahitimu thelathini na saba wa Shule ya Msingi Kwemsufi tunakukaribisha katika kata yetu ya Kwashemshi. Ratiba ilisema utafika saa nne. Sasa ni saa nane kasoro robo, na tunakushukuru kwa kufika siku ileile.

HISTORIA YA DARASA

Tulianza darasa la kwanza tukiwa hamsini na wawili. Kumi na watatu walihama na wazazi wao, wengi wakaenda Handeni kutafuta mashamba. Mmoja alirudia darasa. Wa mwisho kupungua ni Shamimu Zaidi, ambaye habari zake tutazieleza mbele kidogo.

MAFANIKIO

Shamba la shule lilitoa magunia sita ya mahindi, na matano yalifika jikoni. Timu yetu ya mpira wa pete ilishika nafasi ya pili katika kata. Pia tumejifunza kompyuta, ingawa shule haina kompyuta. Namna tulivyojifunza ndiyo changamoto yenyewe, kwa hiyo tunaingia huko.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mwezi wa tano Mwalimu Habakuki, mwalimu wetu wa darasa, alitumiwa kwenye simu orodha ya watahiniwa. Ilikuwa faili la PDF. Mstari wa ishirini na nane ulisema: Rehani Hashim, AMEFARIKI. Mstari wa ishirini na tisa ulisema: Shamimu Zaidi, YUPO.

Shamimu alifariki mwaka jana mwezi wa nne. Rehani Hashim ndiye anayekusomea risala hii.

Mwalimu alipiga simu katika ofisi iliyotuma orodha, ambayo hatutaitaja. Karani akamjibu, "Mwalimu, hiyo ni PDF. Hata sisi hapa hatuna programu ya kuihariri. Mkiipata, rekebisheni hukohuko mturudishie."

Jumamosi Mwalimu akatuita nyumbani kwake, ambako ana kompyuta ya mezani inayotumia umeme wa jua. Tuliingia sita sita ili sebule itutoshe. Programu ya kwanza tuliyoipakua ilikubali kubadilisha maneno, lakini ilipiga maandishi mekundu kukata kila ukurasa, kwamba hii ni nakala ya majaribio. Programu ya pili haikupiga maandishi. Ilimeza kila "sh" iliyokutana nayo, na Rehani Hashim akawa Rehani Haim wa kata ya Kwaemi, bado marehemu. Ya tatu ilikuwa tovuti iliyotaka faili tulipandishe huko kwanza. Mwalimu aliondoa mkono kwenye kipanya. "Humu mna tarehe za kuzaliwa za watoto thelathini na wanane," alisema. "Siwapeleki mahali nisipopajua."

Jumatatu akashuka na Rehani mpaka Manundu, kwa Bi Mital, binti wa Mzee Yatin, anayeuza madaftari na kutoa kopi. Bi Mital alikuwa na programu ya bure inayofungua ukurasa wa PDF na kukuwezesha kushika neno moja moja. Alibofya neno AMEFARIKI. Likazungukwa na kisanduku cha buluu.

"Nifute, Mwalimu?"

Mwalimu akainamia skrini. Chini ya ukurasa kulikuwa na sahihi na mhuri.

"Karani mwenyewe si ndiye aliyesema mrekebishe?" akasema Bi Mital. "Na mtoto huyu hapa, mzima."

"Ni mzima," Mwalimu akajibu. "Lakini nikilifuta hapa, lazima niliandike mstari wa chini. Sahihi si yangu. Na siwezi kumwandikia mtoto neno hilo mama yake hajui."

Bi Mital akafunga faili bila kuhifadhi. Rehani alirudi Kwashemshi akiwa marehemu, na nauli alilipa kamili. Alipofika nyumbani alilia, na mama yake alipomuuliza, alisema ni vumbi.

Jioni ileile Mwalimu alikwenda kwa Mama Tatu, mama yake Shamimu. Alimkuta anapukuchua mahindi. Alimweleza yote. Mama Tatu akauliza, "Kwa hiyo huko serikalini mwanangu bado anasoma?"

"Ndiyo, mama."

"Na namba ya mtihani anayo?"

"Anayo."

Mama Tatu alipukuchua hindi zima ndipo akasema, "Rehani asikose mtihani. Twende."

Walikwenda ofisini Korogwe watatu. Rehani akamwamkia karani, "Shikamoo." Karani akaitikia, "Marahaba." Kisha akasema, "Nimekuona, binti. Mfumo ndio haujakuona." Lakini alikuwa mtu mwema. Alipokea barua ya Mwalimu kuthibitisha kwamba Rehani yu hai. Kwa upande wa Shamimu, akaomba karatasi ya hospitali.

"Hakufika hospitali," Mama Tatu akamwambia. "Mto ulikuwa umejaa. Tulikaa ng'ambo hii na machela tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa."

"Basi nani alithibitisha kwamba amefariki?"

"Mimi."

Karani aliliandika jibu hilo kwenye karatasi. Akatafuta kwenye fomu sehemu ya kuliingiza, hakuipata.

Jumatatu iliyopita orodha mpya ilikuja, ikiwa PDF. Rehani YUPO. Shamimu pia YUPO, kwa kukosa uthibitisho. Tulishangilia, kisha tukaacha, kwa sababu Mama Tatu alikuwa amesimama mlangoni. Alimkumbatia Rehani. Akaomba aonyeshwe jina la mwanawe, akaliwekea kidole, akauliza kama anaweza kupewa nakala. Mwalimu alimpa ile aliyokuwa ameishika.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunayo maombi matatu.

La kwanza, ofisi zinazotuma orodha zipatiwe programu ya kuhariri PDF. Bi Mital amesema ni ya bure, na yuko tayari kuja kuwawekea. Namba yake ya simu tumeiambatisha.

La pili ni daraja la waenda kwa miguu. Ombi hili lilikuwemo katika risala ya wahitimu wa mwaka jana, na ya mwaka juzi. Tumelinakili neno kwa neno kwa kuwa halikuwa na kosa: "Tunaomba daraja, hata la mbao, kwani mvua za masika zikinyesha, aliye mgonjwa hubaki upande aliopo."

La tatu ni dogo. Mtihani unaanza Jumatano. Ndani ya chumba kutakuwa na dawati lenye namba ya Shamimu, na msimamizi ataliita jina lake kwa sababu limo kwenye orodha. Mama yake amesema liitwe tu. Tunaomba msimamizi aambiwe mapema asiliite mara ya pili, wala asiandike kwamba ni mtoro.

Mungu akulipe kwa kutusikiliza mpaka mwisho, awazidishie wazazi wetu nguvu walizozitumia kutufikisha hapa, na atutulizie mikono siku ya Jumatano.

Ni sisi,
Wahitimu wa Darasa la Saba,
Shule ya Msingi Kwemsufi.