Fimbo ya Mzee Parit

Katika treni ya kwenda Mikumi, mzee mmoja mfugaji, aliyejitaja kuwa Parit, alikaa mbele yangu miguu ikimtetemeka. Jirani yake alikuwa Yusta, muuza mitumba. Alimwamkia shikamoo, akamuuliza anaumwa nini.

"Neva," alisema mzee. "Juzi nilianguka tena. Nikianguka mara nyingine, wanangu watanikataza kwenda machungani. Na daktari nimemtii. Alisema nitembee na fimbo. Lini ulimwona Mmasai bila fimbo?"

"Unaibebaje, baba?"

"Begani, kama watu wote."

"Daktari alitaka uiegemee. Fimbo itangulie chini, mguu ufuate."

"Huo ni mkongojo, mama. Mimi sijazeeka, natetemeka tu."

"Mkongojo na fimbo si vyote mti?"

"Basi shuka langu na kanga yako vyote ni nguo. Tubadilishane."

Watu walicheka. Mimi nilibaki sijui nimuunge mkono nani.

Treni iliposimama Mikumi, Yusta alisema polepole, "Nishike mkono, baba. Hizi ngazi naziogopa." Mzee akaweka fimbo begani, akampa mkono. Walishuka taratibu, na sikuweza kujua nani amemshika nani.