Nusu ya Kimondo Iliyorudi Inang'aa

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa idara yetu. Mkuu wa maabara. Wakubwa zetu wa kazi na wenzetu wote,

Karibu
Sisi wafanyakazi wa maabara ya mawe tunafurahi kwamba safari hii umekuja mwenyewe. Yapo mambo tusiyoweza kumtuma mtu atusemee.

Historia ya jiwe
Kimondo chetu kiliangukia sakafu ya saruji hapo uani, kikapasuka vipande viwili. Ndani kina udongo laini na mishipa myeupe ya chumvi. Hayo ni masalia ya maji. Kabla dunia yetu haijawa na bahari, barafu iliyeyuka ndani ya asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka jua, ambao kimondo hiki ni kipande chake, ikaulowesha. Maji yakakauka, chumvi ikabaki.

Mafanikio
Mama Stoo, anayeshika funguo, amekitunza kikavu kama unga. Wanafunzi wakija huwaambia, "Tazameni kwa macho, mikono mfukoni." Nusu ya kwanza tunaendelea kuichunguza. Ya pili ofisi yako iliiazima iwaonyeshe wageni, nasi tukajivuna.

Changamoto
Nusu hiyo imerudi inang'aa. Mama Stoo aliinusa, akamuuliza dereva aliyeileta, "Baba, jiwe la mbinguni limeanza lini kunukia sabuni?"

Dereva akasema, "Lilikuwa na vumbi, mama. Wakubwa wakataka lioge."

Tulitamani iwe hivyo tu. Sabuni na maji vingeweza kuondoa chumvi ya juu. Lakini kuoga hakumbadilishi mtu sura. Tulipolishikiza na pacha wake, vipande vilikataana. Tukakwangua ndani: hakuna udongo, hakuna chumvi. Ni jiwe la barabarani, mheshimiwa. Hatumnyooshei mtu kidole; tunaeleza tulichokiona.

Maombi
Tumeambiwa nusu iliyobaki inaondoka nawe leo. Tunaomba ibaki. Wageni wako waje hapa, chai tutachemsha sisi. Pia tunaomba nusu yetu itafutwe huko iliko. Ikipatikana, hatutauliza ilikuwa mezani kwa nani. Bila nusu hizo mbili, ni nani atakayetuamini tukisema huko juu kulikuwa na maji?

Mama Stoo anaomba radhi kwa kutofika ukumbini. Yuko stoo, na mlango ameufunga kwa ndani.

Mungu akujalie afya, akufikishe kwako salama, na moyo wako aulainishe kwetu.

Ni sisi,
Watunzaji wa Maabara ya Mawe