Kadi Moja, Malori Mawili

Zimeni hiyo redio, wanangu, fungeni na mlango, kisha mkae nyote watatu mahali ninapowaona, maana shingo hii haigeuki tena na sitaki kuusia dari. Daktari amenipa siku tatu. Mimi najipa jioni hii tu, na atakayenikatiza kwa kilio namtoa nje, nife nikiwa nimeshasema. Mkubwa, acha kuangalia saa. Najua kuna safari alfajiri, na ndiyo iliyonifanya niwaite.

Asubuhi mlinilaza hapa dirishani mkadhani nimesinzia. Mgonjwa hasinzii, mwanangu, mgonjwa hufumba macho tu. Nilikuona, Mkubwa, umepiga magoti nyuma ya lori lile lililopita ukaguzi, unafungua bamba la namba kwa bisibisi, ukalifunga kwenye gazeti ukaenda nalo kwa mchonga namba wa kule kona, na ulipoondoka lilikuwa moja, uliporudi yalikuwa mawili. Lori la pili mkaguzi amelikataa kwa sababu ya breki, halina cheti, halina bima, kadi yake bado ina jina la mtu aliyekuuzia, lakini mzigo upo na mwenye mzigo anapiga simu kila saa, basi ukaona, aa, malori yenyewe rangi moja, umbo moja, nani atajua? Na dereva wa lori hilo bovu umempanga nani? Umempanga huyu hapa, mtoto wa mdogo wangu, niliyemlea pamoja nanyi tangu ana miaka minne, anayeniita baba mkubwa mpaka leo. Hukumwambia neno. Alikuwa apande kesho huku akipiga mluzi.

Usiiname. Sikulaumu kwa ujanja huo, kwa kuwa si wako. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na nyoka mwenyewe ndiye huyu mnayemfunika blanketi.

Sikilizeni sasa. Mimi na mdogo wangu tulianza na lori moja, tena la mkopo, na lilipotuletea faida tukanunua la pili lililofanana nalo kama yai na yai. Kusajili kulitaka foleni, muhuri, ukaguzi, bima, leseni ya kubeba mizigo, rudi kesho, rudi kesho kutwa, karani kaenda kula. Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka na kiburi. Nikasema gari mbili zitatumia namba moja, ilimradi zisikutane barabarani: moja ikipanda, nyingine inashuka. Mdogo wangu alikataa. Alisema, "Kaka, jambo la kuficha halina mwisho mzuri." Nikamwambia mkubwa nani hapa, akakubali, maana mimi ndiye niliyemlea kama baba. Tatizo lilikuwa kadi ya gari, kwa kuwa kadi ilikuwa moja tu na kule kwenye mizani, wanakopima uzito, hupiti bila kuionyesha. Basi mimi nikanunua pikipiki. Kazi yangu ikawa kuikimbiza kadi kutoka lori hili hadi lile, nimeifunga ndani ya plastiki kifuani, na jioni tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Miaka miwili tulicheka.

Siku hiyo dereva wetu mwingine, tuliyemwita Mrefu, alikuwa na lori la kwanza, lenye namba halali na breki za kubahatisha. Nilijua zilikuwa za kubahatisha, nilimwambia apige gia ndogo atafika. Kwenye mteremko wa mji mmoja wa mbali zikamtoka, akaingia sokoni akaua watu watatu, na mmoja wao alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Hakusimama. Angesimama wangemmaliza, basi akakanyaga mafuta akatokea upande wa pili, na watu wakaandika namba kwenye ubao wa kibanda kwa mkaa.

Saa mbili baadaye mdogo wangu akaingia mji huohuo kwa njia nyingine, na namba ileile, na rangi ileile. Akaegesha, akashuka kunywa chai. Nyie mnajua alivyopenda usafi, kila alfajiri alilisugua lori lake mpaka bampa likang'aa. Usafi huo ndio uliomponza. Watu walipoona bampa halina hata doa wakasema, "Mwoneni, ameosha damu!"

Nilifika na pikipiki yangu wakati wamekwisha kumtoa kibandani kwa kumburuta. Shati limechanika, jicho moja limeziba. Walimpiga kwa mabenchi, walimpiga kwa spana yake mwenyewe waliyoitoa chini ya kiti, na kila alipotaka kusema kitu mtu alimpiga mdomoni. Palikuwa na askari mmoja tu wa barabarani, mwembamba, mwenye mvi. Huyo mzee alikuwa mwanamume kuliko mimi. Alimsukumia mdogo wangu kwenye ubavu wa lori, akasimama mbele yake amenyoosha mikono, akapiga kelele, "Ngojeni! Gari lina kadi, na kadi ina namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Nipeni kadi nilinganishe. Kama si gari hili mtaua mtu bure!" Na watu wakangoja, wanangu. Wakangoja kweli, mawe mkononi. Askari akamwuliza iko wapi. Mdogo wangu akanyoosha kidole. "Kaka yangu anayo, yule pale."

Nyuso zote zikanigeukia. Kadi ilikuwa hapa, kifuani, nimeisikia inanata kwa jasho. Ningeitoa, namba zisingelingana, wangejua lori hilo silo lililoua, na mdogo wangu angepona. Lakini wangeuliza pia kwa nini malori mawili yana namba moja, na lililoua ni la nani, na mwenye breki mbovu ni nani. Nikaona jela. Nikaona yale mawe yananijia mimi. Nikasema, "Simjui mtu huyu. Mimi napita tu."

Basi. Neno ndilo hilo. Yule askari, watu wakamtupa pembeni kama gunia, wakamaliza kazi yao, na mimi nimesimama nimeshika pikipiki, sikukimbia wala sikusogea. Nilisikia mifupa.

Polisi waliandika kwamba gari namba fulani limeua watatu na dereva wake ameuawa na wananchi wenye hasira, jalada likafungwa, karatasi zote zimekaa sawa, hata nukta haikukosewa. Nikamrudisha mdogo wangu amefunikwa turubai. Niliwaambia ni majambazi. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alinishika mkono akanishukuru kwa kumleta mumewe nyumbani.

Na Mrefu? Alikuja baada ya wiki, analia, anasema twende kituoni tukaseme, hawezi kulala. Nilimpokea na mtalimbo. Nilimpiga mpaka taya likahama mahali pake, nikamwambia akifungua mdomo tena nitaua na wanawe. Ndiye yule mziba pancha wa nje mnayemwita Taya, mnayemwigiza anavyotafuna upande mmoja. Mlinisikia nikiwakataza? Nilicheka pamoja nanyi, mimi.

Hee! Mwachie! Mwachie ndugu yako koo! Binti, mnyang'anye hicho kiti kabla hajampasua kichwa. Kaa chini, mwanangu. Mwana wa mdogo wangu, nakwambia kaa! Mkubwa kaiga tu, hakujua kilichomo ndani yake. Ukitaka kupiga, aliyemuua baba yako ndiye huyu, na hana hata nguvu ya kukinga mkono. Hupigi? Basi sikiliza, hasira yako ni halali, lakini usiimwage pasipostahili, mimi nilifanya hivyo nikaharibu taya la mtu mwema.

Unauliza kwa nini leo. Nitakujibu bila kupamba: kama si lile bamba la asubuhi ningekufa nalo. Nilishajizoeza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa tayari kuumbuliwa nikiwa kaburini, ambako hakuna anayenitemea mate. Kilichonishinda ni wewe kupanda lori la namba ya kuazima, kama lile la baba yako.

Haya, pumzi inakwisha, shikeni hili. Yule bwana mwenye mkoba aliyekuja juzi, mliyemkaribisha maji mkidhani ni mtu wa bima, ni mwanasheria. Kampuni imesajiliwa kwa majina yenu watatu, sawasawa, lakini hakuna lori litakalotoka getini bila sahihi ya mtoto wa mdogo wangu. Nyamaza, Mkubwa. Umetaka kumpandisha kwenye jeneza, leo yeye ndiye atakayekuambia panda au usipande. Binti yangu, wewe ndiye karani wetu na una jicho kali: kila lori na kadi yake, bima yake, cheti chake, leseni yake, na tarehe za kwisha uzibandike ukutani watu wazione. Foleni ikiwa ndefu, pangeni. Karani akienda kula, mngojeni ashibe. Lori lisilopita ukaguzi lilale, hata mwenye mzigo akitukana mpaka sauti imkauke. Lile bovu uzeni, na hati ya kibanda cha mbele anakozibia pancha mpeni Mrefu, kwa jina lake la kweli, na mwiteni "mzee".

Na maelezo yangu nimeyatoa kwa mwanasheria, yana dole gumba langu kila ukurasa. Kesho hiyohiyo ya safari, badala ya kwenda safari, mtayapeleka polisi, na nakala yake mtaipeleka kule mjini kwa watu wa wale watatu, ili wajue aliyewaulia ndugu zao alikuwa nani na waliyemuua hakuwa yeye. Unasema watatunyang'anya leseni, Mkubwa? Watunyang'anye. Ipo aibu inayolipwa mara moja, na ipo inayolipwa kila siku. Mimi nimeilipa kila siku.

Nisogezeni... mto umeniangukia. Sasa nawaombea. Mungu awaonyeshe mteremko kabla hamjaufikia. Awape ndimi za kusema kweli wakati bado inamfaa mtu. Mkubwa, baraka yangu unayo, hata kama umenuna. Binti, unayo, wewe ulikuwa... ulikuwa nuru yangu. Mpendane. Pendaneni, jamani.

Na wewe, sogea. Karibu zaidi, sauti hii... Ulipokuwa na miaka saba uliniuliza baba yako alisema nini wakati anakufa. Nikakuambia alisema, "Kaka, nilelee mwanangu." Ukalala umetulia. Neno hilo ulilisema mpaka kwenye harusi yako, mbele za watu, na mimi nikapiga makofi. Hakusema hivyo. Mawe yalipoanza aliinua mkono ule uliokuwa bado mzima, akanielekea mimi, wala hakuwa na hasira, mwanangu, alikuwa kama ananikumbusha kitu nilichosahau. Maneno mawili. Aliyarudia mpaka mdomo... mpaka mdomo ukawa haupo.

"Kaka, waambie."

Basi... nimewaambia.