Baiskeli Iliyoshusha Ng'ombe wa Orrin

Kama ni kubisha, bisha sasa hivi, maana nikishaanza sisimami. Jana jioni nimeshusha kundi zima la ng'ombe wa mzee Orrin Sjogren, kutoka malisho ya juu kabisa hadi zizi la kupakilia, kwa baiskeli. Hakuna farasi, hakuna mbwa. Vijana wa kukodi walikuja na zile pikipiki zao za magurudumu manne, wakawakimbiza ng'ombe siku mbili vilimani, wakaondoka na koo kavu na matusi. Mimi nimeacha shule mapema na sijuti, maana jambo hili hakuna darasa linalolifundisha. Asubuhi nikaenda kijiweni kuchukua sifa zangu. Kijiwe chetu hapa Harkin, Kansas, ni benchi refu mbele ya duka la chakula cha mifugo, na kahawa ya bure ambayo ladha yake inaeleza kwa nini ni ya bure. Greda alikuwepo. Jina lake ni Verle Hruska, ameendesha greda la wilaya mpaka kustaafu, na barabara za kokoto anaziongelea kama watoto wake wa kuzaa. Mvua naye alikuwepo, yaani Dwight Lindquist, anayetabiri mvua kila siku na hushangaa zaidi yetu inaponyesha kweli. Mwisho wa benchi palikuwa wazi. Pale ni mahali pa Orrin mwenyewe, na hajapakalia tangu majira ya baridi. Kesho malori yanakuja kuwachukua ng'ombe wake, halafu binti yake Janelle anamchukua yeye akaishi naye mjini Wichita. Hajaja kuaga.

— Umeshusha ng'ombe kwa baiskeli, akasema Greda. Wewe.

— Mimi.

— Ile baiskeli unayopanda kwa sababu pikapu yako imekufa?

— Nyingine. Ya kuazima.

— Spika, akasema Mvua, na hilo ndilo jina walilonibandika, eti sizimiki. Spika mwanangu, jana ulikunywa nini?

— Nenda zizini ukaangalie.

Mvua akakoroga kahawa yake ambayo haina sukari.

— Nimeshapita, akakiri. Wako pale. Wametulia kama waumini wanaosubiri mchungaji.

Greda akamgeukia.

— Wote?

— Wote. Hata yule mwekundu mwenye pembe moja aliyemrusha kijana wa kukodi kwenye matope.

Nikanyoosha miguu. Kuna raha ya mtu kukuthibitishia uongo ambao kumbe siyo uongo.

— Sasa kama ni kweli, akasema Greda, kwa nini Orrin hakuja kutuambia mwenyewe? Kwa nini anamtuma mtoto mwenye mdomo?

— Hajanituma.

— Hawezi kuja hapa. Dhamiri inamsuta. Mwezi wa kumi tumepishana pale mteremko wa machimbo, pikapu yake na yangu, ningeweza kumshika sikio. Nikanyanyua kidole kwenye usukani kumsalimu, kama ninavyomnyanyulia tangu tulipoanza kuendesha. Yeye je? Mikono miwili usukanini, macho mbele, kama anapishana na nguzo.

Huku kwetu unaweza kusinzia kanisani mstari wa mbele. Unaweza hata kumwoa mchumba wa jirani yako, baada ya miaka watu watakula keki pamoja. Lakini ukimpita mtu kwenye barabara ya kokoto bila kunyanyua kidole, umemwambia kitu, na yeye atakibeba.

— Labda alikuwa na mawazo, akasema Mvua.

— Wiki iliyofuata nikampita tena. Vilevile. Sasa aende zake Wichita. Safari njema.

Nikanywa kahawa. Ilikuwa ya moto kiasi cha kubabua ulimi, lakini nikaendelea kunywa, maana mdomo ukiwa na kazi hauropoki.

— Tuendelee na mambo ya maana, nikasema, yaani mimi. Mnataka kujua nilivyofanya au hamtaki?

— Hatutaki, akasema Greda, akasogea karibu.

Nikawapa. Nikawaambia jinsi nilivyoingia barabara ya Orrin jua likiwa limeshaanza kulainika, majani mapya yamefika magotini pande zote mbili, upepo umetulia kidogo, jambo ambalo lenyewe ni muujiza. Hakuna gari. Hakuna vumbi la mtu mwingine. Ukiwa kwenye pikapu huijui barabara ile. Unasikia injini yako tu na mlango unaogonga. Kwenye baiskeli unasikia kila kokoto inavyosema chini ya gurudumu. Unamsikia yule ndege wa kifua cha njano juu ya nguzo ya uzio, unampita, unamkuta mwenzake nguzo ya mbele anaendeleza wimbo pale alipoachia. Unasikia pangaboi la kisima, lile la kuvuta maji kwa upepo, likilia kwa kukosa grisi kabla hujaliona. Huko juu unaona vilima vinafuatana mpaka macho yanachoka, na hakuna nyumba hata moja.

Greda alikuwa ameacha kutabasamu.

— Pangaboi bado linalia?

— Linalia.

— Lilikuwa linalia hivyo hivyo. Mimi na Orrin tulikuwa tunapita pale na baiskeli kwenda kuogelea bwawa la juu. Tulikuwa na baiskeli moja ya maana na moja ya aibu, tunabadilishana njiani. Ule mteremko wa machimbo tulikuwa tunaushuka bila breki.

— Kwa ushujaa, akasema Mvua.

— Kwa kukosa breki. Orrin daima mbele, anaimba nyimbo za kanisa kwa Kiswidi ambazo hajui maana yake, na mimi nyuma nakula vumbi lake. Nyumbani mama ananiuliza, Verle, umegeuka chokaa? Greda akacheka kidogo peke yake. Halafu akajikumbuka, akaufunga uso. Lakini hizo ni habari za zamani. Endelea, muongo.

— Nikafika malisho ya juu. Ng'ombe wakaniangalia. Nikageuza baiskeli, nikaanza kurudi. Nikitazama nyuma, wananifuata. Mstari mmoja, jike mkubwa mbele, ndama pembeni ya mama zao. Sijapiga kelele, sijapunga kofia. Nimekaa kwenye tandiko langu mgongo umenyooka, na nyuma yangu mali ya maisha ya mtu mzima inatembea kwa adabu.

— Kwa nini wakufuate wewe? akauliza Mvua.

— Hilo niambieni nyinyi. Mimi ni mnyenyekevu.

Wakanasa chambo pale pale.

— Ni barabara, akasema Greda. Kokoto zile nilizimwaga mimi, nilizichagua machimboni mwenyewe. Ukipita polepole zinatoa sauti ya tembe za chakula zikimiminwa kwenye ndoo. Ng'ombe akisikia ndoo amekwisha. Kwa hiyo aliyewashusha ni mimi.

— Wewe umestaafu.

— Kazi yangu haijastaafu.

— Siyo barabara, akasema Mvua. Jana hewa ilikuwa nzito. Mvua inakuja.

— Haiji, tukasema mimi na Greda pamoja.

— Inakuja. Ng'ombe anaijua siku tatu kabla, na anaposikia hewa nzito hutafuta bonde. Chochote kinachoelekea bondeni atakifuata. Angepita sungura wangemfuata sungura.

— Unanilinganisha na sungura?

— Sungura ana akili ya kunyamaza.

— Nyote mmekosea, akasema Greda, maana alishaona nadharia ya Mvua inakaribia kuwa na maana. Ni spoku, zile njiti za gurudumu. Jua la jioni linagonga spoku, zinazunguka, zinametameta. Ng'ombe anatazama, akili inalala. Niliona mwanamazingaombwe mmoja kwenye maonyesho ya wilaya akimlaza kuku kwa kumbembezea saa ya mfukoni machoni.

— Kuku.

— Kuku leo, ng'ombe kesho. Kanuni ni ileile.

— Basi na mimi nakwambia, akasema Mvua, walimdhani ni ndama. Mtazame. Miguu mirefu, kichwa kikubwa, kelele nyingi. Wakasema huyu ni mtoto wetu ameota magurudumu, tumfuate asije akagongwa.

Wakacheka mpaka Greda akakohoa. Mimi nikawaacha. Kila nadharia waliyozua ilikuwa inanipeleka mbali zaidi na jambo nililoombwa nisiliseme.

Ndipo akafika mwanamke mmoja na baiskeli yake, mmoja wa hawa wanaotoka mjini kuja kuendesha barabara zetu kwa raha zao. Nguo za kubana, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaomba maji, Mvua akamwelekeza bomba. Alipokuwa anajaza chupa zake alikuwa anatusikiliza, maana Greda alikuwa ameanza upya habari za spoku na haongei kwa sauti ya chini.

— Samahani, akasema yule mama. Ni barabara ile ya kaskazini? Yenye pangaboi?

— Hiyo hiyo, nikasema. Umesikia habari zangu?

— Nimetoka huko sasa hivi. Nimehangaika na yale mageti ya waya. Lazima ukumbatie nguzo kwa nguvu zote ndipo kitanzi kitoke, halafu geti zima linakuangukia. Nimeshuka kwenye baiskeli kila mara. Akafunga chupa. Wewe ulikuwa na ng'ombe nyuma yako. Geti nani alikufungulia?

Mvua akamtazama Greda. Greda akanitazama mimi. Walikuwa wamezunguka kokoto, hewa na spoku, na wote wawili wamefungua mageti yale tangu utotoni, wanajua kwamba haiwezekani mtu mmoja kuyafungua akiwa juu ya baiskeli. Huku kwetu anayeendesha hashuki. Anayekaa pembeni ndiye anayeshuka, anafungua, anasubiri, anafunga. Hiyo sheria haijaandikwa na hakuna aliyewahi kuivunja.

— Spika, akasema Greda taratibu. Baiskeli uliazima kwa nani?

Nilikuwa nimeahidi. Lakini kesho asubuhi malori yanakuja.

— Kwa Orrin. Ile iliyoning'inia ghalani.

— Ile ya watu wawili? Yake na mkewe Lavonne?

— Ndiyo.

— Haijashushwa tangu Lavonne afariki.

— Tumeishusha juzi. Tukapaka mafuta mnyororo. Mimi nilikaa mbele. Yeye nyuma.

— Orrin hajakaa nyuma ya mtu yeyote maisha yake yote.

— Haoni, mzee Greda.

Mvua akaweka kikombe chini.

— Haoni nini?

— Haoni. Anajua mchana na usiku, na kama kuna kitu kikubwa mbele yake. Katikati ya jicho ndiko kulikoanza kufa, mwaka jana, kidogo kidogo. Alikuwa anaendesha kwa kuikumbuka barabara. Mwezi wa kumi alikuwa tayari anaendesha hivyo. Alipogundua amempita mtu na hajamjua ni nani, ndipo akampa Janelle ufunguo wa pikapu. Hakutaka mje kumhurumia. Akasema bora mdhani ana kiburi, kiburi mmekizoea.

Greda alikuwa anaangalia mkono wake juu ya goti.

— Geti la kwanza nilitaka kushuka, nikaendelea. Akanikataza. Akasema, wewe ndiye unayeendesha, kaa. Akashuka, akaipapasa nguzo, akaikumbatia, akafungua. Halafu akasimama pale pale na kuwaita ng'ombe kwa sauti yake ile, na walipokuwa wanapita akawa anawagusa migongo mmoja mmoja. Anawajua kwa mgongo. Alikuwa anawataja kwa majina ya mama zao.

Greda akasimama. Hakuaga. Akaenda kwenye pikapu yake, akaiwasha, akabaki ameshika usukani bila kuondoka. Mvua akamtazama, akaelewa anasubiri mtu wa kufungua mageti, akamwaga kahawa yake kwenye nyasi, akaenda kuingia upande wa abiria. Walipokata kona kuelekea kaskazini hawakuwa wanaongea, na kwa watu wale wawili hilo siyo jambo dogo.

Nikabaki na yule mama. Alikuwa ameshika baiskeli yake, hapandi.

— Nimeharibu kitu? akauliza.

— Hapana. Umenisaidia.

— Na wewe uliwaongoza mpaka mwisho?

Hapo ningeweza kumpa hadithi. Hanijui, hatarudi, na ninayo moja nzuri sana niliyokuwa nimeiandaa tangu jana usiku, yenye yule mwekundu wa pembe moja akiniinamia kichwa. Nikafungua mdomo, na hadithi haikutoka. Nikamwambia ile sehemu ambayo hata wale wazee sikuwaambia. Baada ya geti la mwisho nilidhani Orrin ameshapanda nyuma. Nilihisi baiskeli imetikisika, kumbe ni upepo. Nikaondoka, kifua mbele, nawaza jinsi watu watakavyonisimulia, nikashuka mteremko wote wa machimbo nikiamini kundi zima liko nyuma yangu. Nilipogeuka hapakuwa na mtu wala ndama. Vumbi langu mwenyewe. Nikasukuma baiskeli ile ndefu kurudi juu, na nilipofika nikawakuta pale getini, wamemzunguka, naye katikati yao ameegemea shingo ya jike mkubwa, anawaambia kitu kwa sauti ya chini. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia. Nikailaza baiskeli majanini, nikakaa, nikasubiri amalize.