Mama Yetu Mkalimani, Aliyekataa Kuona Haya

Mama yetu, ambaye mahakamani walimwita Neno-kwa-Neno, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma hadi kidato cha nne, na lugha tatu alizokua akizisikia uani kwao zikampatia kazi: mwaka 1973 aliajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama.

Hakupunguza makali ya neno la mtu. Siku moja mshtakiwa alifoka, naye akatafsiri kwa utulivu kwamba mheshimiwa ameitwa mbuzi mzee. Hakimu akamwuliza kama ana hakika. "Ninayo," akajibu. "Amerudia mara mbili."

Mwaka 1977 aliolewa na seremala aliyekuja kutengeneza kizimba, baba yetu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2012. Walijaliwa watoto watatu.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipewa mofini, maumivu yakatulia, kisha akaanza kuikataa. Tulidhani amekata tamaa. Muuguzi aliyemtembelea nyumbani alipouliza hali, mjomba alijibu kwamba tumbo linamsumbua kidogo tu. Mama akajiinua kitandani.

"Usinitafsirie vibaya, kaka. Sijapata choo wiki nzima. Heri niumwe kuliko kufungwa hivi."

Muuguzi alimpapasa tumbo, akajiridhisha kwamba utumbo haujaziba. Alitueleza kuwa mofini hufunga choo kwa wagonjwa wengi, na kwamba dawa ya kulainisha choo ilipaswa kuanzwa pamoja nayo siku ileile. Akamwandikia ya kila siku, akatufundisha kumkalisha chooni miguu ikiwa juu ya kigoda. Choo kikapatikana, mofini ikarudi, na Mama akarudi mezani kugombana nasi juu ya chumvi, hadi Oktoba.

Mjomba aliomba habari hii isisomwe mbele za watu. Mama alikwisha kuagiza isomwe. "Wapo wanaougulia hilo kimyakimya," alisema. "Wakisikia, wataomba dawa."

Basi imesomwa.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Novemba asubuhi, dada yetu mkubwa akiwa amemshika mkono. Ameacha kaka mmoja, watoto watatu na wajukuu watano.

Alale salama. Hakuwa na la kuonea haya, nasi hatuna.