Saba Mara Nane kwenye Kioo cha Treni

Baba aliyeketi mkabala na mwalimu hakumpa binti yake nafasi ya kupumua. "Saba mara nane?" Mtoto akatazama viatu vyake. "Si jana uliijua!"

Mwalimu alikuwa amejiapiza kutoingilia ya watu, lakini midomo ya mtoto ilipoanza kutetemeka, kiapo kikamponyoka. "Samahani, baba. Mwanangu, saba mara tano unaijua?"

"Thelathini na tano."

Mwalimu akapulizia kioo cha dirisha kikaingia ukungu, akachora mstatili na kuugawa kwa mstari mmoja. "Huku kuna safu tano za saba saba. Tunataka nane. Upande wa pili zitabaki ngapi?"

"Tatu. Ishirini na moja." Mtoto akajumlisha kwa vidole, kisha akaruka kitini. "Hamsini na sita!"

Abiria wa jirani akaacha kujifanya amelala. Baba hakufurahi.

"Dada, sasa hivi anaingia kwenye mtihani wa kutafuta nafasi ya shule. Msimamizi atampa dirisha?"

"Atampa karatasi."

"Na muda je? Mimi nilikariri jedwali lote, na sijafa."

"Ukisahau, unaanzia wapi?"

"Sisahau," akasema, akifuta jasho katika behewa lenye baridi.

Treni ikapunguza mwendo. Baba akamshika binti mkono, wakasimama mlangoni. "Haya, haraka. Saba mara tisa?"

Mtoto akauchomoa mkono wake, akapulizia kioo cha mlango.

"Ngoja, baba. Nachora."

Treni ikasimama.