Friza ya Chumba Namba Tisa Isizimwe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtafiti wetu mkuu wa vimeng'enya anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, fundi wa maabara yake, niandike ukurasa mmoja wa maneno matamu, nisilete malalamiko. Ukurasa nitaujaza. Hilo la pili litanishinda.

Wengi mnamwita Mama Barafu, na jina hilo alilipata kwa miguu yake. Kimeng'enya anachokichunguza kimo ndani ya kondo la nyuma, na kikikaa kwenye joto kwa robo saa tu, basi tena. Kwa hiyo wakunga wa wodi ya wazazi wakipiga simu, huyoo, ndoo ya barafu mkononi, anashuka ngazi mbili mbili. Mkimwambia haraka haraka haina baraka, anawajibu kwamba wahenga hawakuwahi kufanya kazi na vimeng'enya. Siku moja aliwaacha wageni wa heshima ukumbini katikati ya hotuba yake mwenyewe, akarudi baada ya dakika kumi na mbili na kuimalizia sentensi ileile.

Mdogo wake alikufa kwa kifafa cha mimba, ujauzito wa kwanza, wiki moja baada ya kuambiwa kliniki kwamba miguu kuvimba ni kawaida. Hapendi kulizungumzia. Alichofanya ni kutafuta dalili inayotangulia, na akaipata: kwa akina mama walio hatarini, kimeng'enya kile huanza kuvuja kwenye damu tangu mwezi wa tano wa ujauzito, presha haijapanda bado. Kilichobaki ni kuthibitisha kwa damu ya akina mama wengi. Baada ya hapo, tone moja pale kliniki lingetosha kumshtua mkunga mapema.

Kazi hiyo ingekuwa imeisha zamani. Miaka tisa iliyopita kamati moja iliazima chumba chetu, namba tisa, kwa kikao. Mtu akachomoa plagi ya friza ili achomeke birika la chai. Wakanywa, wakafunga kikao, wakaenda zao. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu tulikuta maji sakafuni, na damu ya akina mama elfu moja na mia nne imeharibika, jasho la miaka kumi na moja. Taarifa yao iliandika kwamba kulitokea hitilafu ndogo ya umeme. Hitilafu gani hiyo yenye mikono na kiu ya chai? Mpaka leo hakuna aliyesema pole. Mimi nililia. Yeye alichukua tambara akapiga deki, kisha akabeba ndoo yake kwenda wodini kuanza upya, na umri wake ulikuwa hamsini na mmoja.

Tangu siku hiyo, akiingia asubuhi, anaigusa plagi kwanza ndipo anasalimia. Mwanzoni tulimcheka. Sasa maabara nzima tunafanya hivyo, hata mfagiaji.

Leo friza imejaa tena. Vimebaki vichupa mia tatu vya damu kupimwa, kazi ya miezi minne. Na wiki iliyopita ikaja barua: chumba namba tisa kitakuwa sebule ya wakubwa, friza izimwe Jumatatu, vilivyomo vitupwe. Imesainiwa na mkurugenzi ambaye Mama Barafu ndiye aliyemfundisha kushika pipeti. Kweli asante ya punda ni mateke. Naona hasira, na naandika kwa hasira, na anayetaka kukifuta kipande hiki afute na jina langu kwenye orodha ya wafanyakazi.

Zawadi yake, nimeiona, ni saa ya ukutani. Saa, jamani, kwa mtu aliyekimbizana na robo saa maisha yake yote. Hakuomba saa. Aliomba miezi minne ya umeme, akaandika barua tatu za adabu, na hakujibiwa hata moja.

Shikamoo, Mama. Nilikuja kwako nikiwa mfagiaji, ukanikabidhi ndoo na kuniambia nikimbie. Asante. Wako wanawake ambao hutawajua, na hawatakujua, watakaonyonyesha watoto wao kwa sababu yako, kama tutaachwa tumalize.

Na wewe utakayetumwa Jumatatu, utanikuta nimeketi mbele ya soketi. Mkunga mkuu amesema nikichoka atakaa yeye, na wakunga wake wameshajipangia zamu.

Mama, nenda kapumzike, ushuke ngazi moja moja sasa. Tunakutakia siku njema na ndefu. Plagi nitaigusa mimi, kabla ya salamu.